Bendi Mpya, Ska ya Zamani

Miongoni mwa mambo yanayostahili kuchunguzwa katika muziki wa zama hizi ni kurudi kwa ska na rege ya kale, mitindo miwili ya kisiwa cha Jamaika iliyozaliwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwishoni mwa miaka ya 1960, ambayo leo inapigwa upya Kingston, London, New York na Tokyo na vijana ambao wengi wao walizaliwa miaka mingi baada ya santuri za kwanza kuchapwa. Vijana hao wamezirudia nyimbo, na pamoja nazo wamevirudia vyombo vilivyokwisha kuwekwa kando, kama tromboni na kinanda cha ogani, na wakati mwingine hata mashine za kurekodia kwa utepe. Mazungumzo haya yanakusudia kueleza ni kitu gani hasa kinachofufuliwa na bendi hizo, na kwa nini baadhi yake hufaulu ilhali nyingine hubaki katika uigaji, na yanalitazama suala hilo kutoka Hima, Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, mahali ambapo rege inajulikana kwa wakubwa na wadogo lakini ska huenda haijapata kutajwa kwa jina lake.

Inafaa kuanza na mpigo wenyewe, kwa kuwa bila kuuelewa mpigo mazungumzo yote juu ya mitindo hii hugeuka kuwa hadithi za nywele na bendera. Msikilizaji anayetaka kuijua ska na ahesabu kwa sauti: moja-na, mbili-na, tatu-na, nne-na, kwa kasi ya mtu aliyechelewa gari. Gitaa la besi hutembea juu ya namba zenyewe, noti baada ya noti, bila kupumzika. Gitaa la kawaida na piano hukata kwa mkato mfupi mkavu juu ya kila "na", yaani katika nafasi iliyo kati ya pigo na pigo. Na juu ya mwendo huo tromboni, tarumbeta na saksafoni hupiga wimbo kwa pamoja kabla ya kila mpulizaji kupewa zamu yake ya kubuni papo hapo, kama ilivyo desturi ya jazi. Kuanzia mwaka 1966 mwendo ulipunguzwa sana, besi ikaacha kutembea na kuanza kusema maneno mafupi yenye vituo katikati, waimbaji wakasogea mbele ya wapulizaji, na mtindo huo wa kati ukaitwa rokstedi. Miaka miwili baadaye ilifuata rege, ambayo katika umbo lake linalojulikana zaidi huliacha tupu pigo la kwanza la kila hesabu, na ngoma kubwa na ndogo hukutana kwenye pigo la tatu peke yake. Wapo wanaosema kwamba rege ni rahisi kupiga kwa sababu gitaa lake hurudia vitu viwili tu tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Hao hawajajaribu kuliacha pigo la kwanza tupu kwa dakika nne mfululizo bila mkono kuwasha.

Asili ya ska ni uhaba. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wa Kingston walicheza dansi kwa muziki wa Wamarekani weusi uliosikika katika redio za Miami na New Orleans, na kwa kuwa bendi za mahotelini zilikuwa za wenye uwezo, maskini walijipatia burudani yao kwenye viwanja vya wazi kwa mitambo iliyoitwa sistemu za sauti, yaani mashine ya santuri, kikuza sauti na maspika makubwa kama makabati, vyote vikiwa mali ya mfanyabiashara aliyetoza kiingilio na kuuza vinywaji. Ushindani ulikuwa mkali kiasi kwamba wenye mitambo walikwangua karatasi za santuri zao ili mpinzani asisome jina la wimbo. Wamarekani walipogeukia rokenroli, santuri za aina iliyopendwa Kingston zilianza kuadimika, na wenye mitambo kama Clement Dodd, aliyejulikana kwa jina la Coxsone, na mshindani wake Duke Reid, wakalazimika kuwarekodi wapigaji wa nyumbani ili wasifunge biashara. Wapigaji hao waliuchukua muziki wa Kimarekani, wakauchanganya na mento, yaani muziki wa mashambani wa Jamaika, pamoja na jazi waliyokwisha kuimudu, wakausisitiza mkato wa kati hadi ukawa ndio roho ya wimbo. Jamaika ilipopata uhuru tarehe 6 Agosti 1962, miezi miwili tu kabla ya Uganda, ska ndiyo iliyokuwa ikivuma mitaani.

Ubora wa wapigaji hao haukutokea kwa bahati. Wengi wao walilelewa katika Shule ya Alpha mjini Kingston, taasisi ya masista wa Kikatoliki iliyopokea mayatima na watoto watundu wa familia maskini na kuwafundisha ufundi, ukiwemo wa bendi ya matarumbeta. Humo ndimo walimotoka Don Drummond wa tromboni, Tommy McCook na Lester Sterling wa saksafoni, na Johnny Moore wa tarumbeta. Mwaka 1964 hao pamoja na wenzao, wakiwemo Lloyd Brevett wa besi na Lloyd Knibb wa ngoma, waliunda bendi iliyoitwa The Skatalites, ambayo ilidumu kwa muda wa mwaka mmoja na miezi michache tu, lakini katika muda huo, na katika kazi walizokwisha kufanya pamoja kabla ya kujipa jina, walipiga nyuma ya karibu kila mwimbaji mashuhuri wa kisiwa hicho, hata kijana Bob Marley na kundi lake la The Wailers. Walilipwa kwa wimbo, mara moja, fedha ya papo hapo, na wimbo ukishauzwa mpigaji hakuwa na dai tena. Mwaka 1965 Drummond, ambaye alikuwa na maradhi ya akili, alikamatwa kwa kumuua mpenzi wake, mcheza dansi maarufu. Alifia hospitalini mwaka 1969, na bendi ilikuwa imesambaratika zamani.

Kuna uzi mmoja katika historia hii unaopita karibu na Kasese kuliko wasikilizaji wengi wanavyodhani. Kabla ya studio, Drummond, McCook na wenzao walikuwa wakipanda kwenye kambi ya Warasta pembezoni mwa Kingston, chini ya mpiga ngoma Count Ossie, kupiga pamoja na ngoma tatu: ile kubwa ya besi, ile ya kati iitwayo fande inayoshikilia mwendo, na ile ndogo iitwayo ripita inayozungumza juu ya wenzake. Ibada za Warasta zinazotumia ngoma hizo huitwa Nyabinghi. Nyabingi alikuwa pepo wa kike aliyeheshimiwa Kigezi, kusini mwa Kasese, na katika nchi za jirani hadi kaskazini mwa Rwanda, na waliosema kwa niaba yake, wengi wao wanawake, walikuwa viongozi wa upinzani dhidi ya wakoloni. Mashuhuri kuliko wote ni Muhumuza, aliyejitambulisha kuwa mjane wa mfalme Rwabugiri wa Rwanda, na ambaye Waingereza walimkamata mwaka 1911 wakamweka kizuizini Kampala hadi alipokufa mwaka 1945. Ngoma za Kigezi hazikuwahi kupelekwa Jamaika. Kilichofika huko ni jina, na lilifika kwa njia ya ajabu: mwezi Desemba 1935, Italia ikiwa imekwisha kuivamia Ethiopia, gazeti la Jamaica Times lilichapisha makala yenye asili ya propaganda ya Kiitalia iliyodai kwamba Mfalme Haile Selassie anaongoza jeshi la siri la watu weusi liitwalo Nyabinghi. Makala hiyo ilikusudiwa kuwatia Wazungu hofu, lakini miongoni mwa maskini wa Jamaika walikuwapo walioisoma kwa furaha na kulichukua jina hilo likawa lao. Ngoma zenyewe zilitoka kwa Wajamaika wenye asili ya Afrika ya Magharibi na ya Kongo, katika ngoma za jadi ziitwazo buru na kumina. Ni vyema jambo hili lisemwe wazi, kwa sababu wapo mashabiki wanaotangaza kwamba rege ilitoka Uganda, na dai hilo, tamu jinsi lilivyo, halina ushahidi.

Uhuishaji wa kwanza mkubwa wa ska haukufanyika Jamaika; ulifanyika Coventry, mji wa viwanda vya magari katikati ya Uingereza. Huko mwaka 1977 mpiga ogani Jerry Dammers aliwakusanya vijana weusi na weupe katika bendi moja iliyokuja kuitwa The Specials, na mwaka 1979 akaanzisha lebo ya kurekodi ya 2 Tone, ambayo nembo yake ya miraba myeusi na myeupe ilieleza msimamo wake bila maneno mengi. Viwanda vilikuwa vikifungwa, ajira zilikuwa zikipotea, na makundi ya wabaguzi yalikuwa yakiwashambulia wahamiaji kutoka Karibi na Asia. Katika miji ya eneo hilo, hususan Leicester, ndimo walimofikia pia Waasia wengi waliofukuzwa Uganda mwaka 1972. Mwaka 1981, baada ya mwanafunzi wa asili ya Kiasia kuuawa kikatili mjini Coventry, The Specials walifanya tamasha la kupinga ubaguzi katika mji wao, na mwezi uliofuata wimbo wao Ghost Town, unaoeleza mji uliokufa kwa ukosefu wa kazi, ulishika nafasi ya kwanza nchini Uingereza wakati huohuo ghasia zikilipuka katika miji kadhaa.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe. The Specials hawakuwa wapulizaji, na walilijua hilo. Walipoamua kurekodi upya wimbo wa Dandy Livingstone wa mwaka 1967 unaowahutubia vijana wakorofi wa mjini, walimtafuta Rico Rodriguez, mzee wa tromboni aliyesoma Alpha, aliyepiga na Count Ossie milimani, na aliyehamia Uingereza mwaka 1961, ambako alikuwa akiendelea kurekodi bila umma mpana kumjua jina. Rico ndiye aliyekuwa amepiga tromboni katika wimbo wa awali. Akaupiga tena mwaka 1979, na anayezisikiliza santuri hizo mbili bega kwa bega atatambua kwamba ogani imebadilika, ngoma zimekuwa nzito zaidi na waimbaji wana lafudhi nyingine kabisa, lakini tromboni ni ileile, yenye sauti pana iliyochelewa kidogo nyuma ya pigo, kama mtu asiye na haja ya kuthibitisha lolote. Vijana walileta hasira ya wakati wao na mwendo wa kasi walioupata katika panki, yaani roki ya kelele na haraka ya miaka hiyo. Mzee alileta kipimo. Kipimo hicho hakiandikiki katika noti wala hakisikiki vizuri kwenye santuri iliyokwaruzika, kwa maana kinapitishwa tu pale watu wawili wanapopiga pamoja chumba kimoja na mmoja wao akamkatiza mwenziwe kwa jicho.

The Skatalites wenyewe walirudi jukwaani mwaka 1983 katika tamasha la Reggae Sunsplash, wakaendelea kuzunguka duniani kwa miongo mingine, na albamu zao mbili za miaka ya 1990 ziliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Kadiri waasisi walivyokuwa wakifariki, nafasi zao zilichukuliwa na vijana waliokwisha kukaa nao safarini kwa miaka, na Lester Sterling, mmoja wa wapulizaji wa mwanzo, alipofariki mwaka 2023 bendi ilikuwa tayari mikononi mwa warithi. Kwa muundo bendi hiyo inafanana zaidi na ukoo kuliko kampuni, na pengine ndiyo sababu imeishi kuliko bendi nyingi zilizoizidi kwa fedha.

Katika karne hii uhuishaji umechukua sura mbili. Ya kwanza ni ya mafundi wa sauti. Bendi ya The Frightnrs ya New York, kwa mfano, ilirekodi chini ya kampuni ya Daptone albamu ya rokstedi iliyotoka mwaka 2016 kwa namna ya zamani, na sauti iliyopatikana ilikuwa na ukungu na joto ambalo mpangilio wa kompyuta huliondoa kwa usafi wake. Mwimbaji wao, Dan Klein, aliimalizia kazi hiyo akiwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliokuwa ukimnyang'anya nguvu za mwili, akafariki miezi michache kabla ya santuri kutoka. Mtu aliyewahi kudhani kwamba sauti ya kale ni mapambo tu aisikilize albamu hiyo; udhaifu wa sauti umeachwa ndani kama ulivyo, na umefanya kazi ambayo marekebisho ya mashine yasingeweza kuifanya.

Sura ya pili ni ya Jamaika yenyewe, ambako tangu miaka ya 1980 dansiholi, mtindo wa maneno ya kasi juu ya ngoma za mashine, ulikuwa umeisukuma bendi ya vyombo pembeni. Kuanzia mwaka 2011 hivi kizazi cha Chronixx, Protoje, Jah9, Jesse Royal na Kabaka Pyramid kilianza kupanda jukwaani na bendi kamili na kuimba juu ya besi nzito za mtindo wa miaka ya 1970, na waandishi wakalipa vuguvugu hilo jina la uhuisho wa rege. Wengine miongoni mwao ni watoto wa kazi hiyo: Chronixx ni mwana wa mwimbaji Chronicle, na mama yake Protoje ni Lorna Bennett, mwimbaji aliyevuma mwaka 1972. Kabaka Pyramid, ambaye jina lake la jukwaani litawafanya Waganda watabasamu, alipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya rege mwaka 2023. Hata hivyo si kila Mjamaika aliyefurahishwa na vuguvugu hilo. Wakosoaji walisema kwamba vijana hao ni wa tabaka la kati, kwamba wanaimba shida za miaka ya baba zao, na kwamba dansiholi, pamoja na ukali wake, ndiyo inayoeleza maisha ya mitaa ya leo. Hoja hiyo ina uzito, na haijibiwi kwa kutaja tuzo.

Jibu lake limo katika kutofautisha mambo mawili ambayo mashabiki huyachanganya, nayo ni sauti ya zamani na nidhamu ya zamani. Sauti ya zamani inanunulika: kikuza sauti cha taa, maikrofoni ya miaka ya 1960, programu ya kompyuta inayoongeza mikwaruzo ya uongo, kofia na suti nyembamba. Nidhamu ya zamani hainunuliki, kwa kuwa ni watu saba au wanane waliokubali kusikilizana, kila mmoja akijua nafasi yake na, gumu zaidi, akijua nafasi isiyo yake. Bendi iliyonunua sauti bila kujifunza nidhamu huonekana mara moja, kwani mpiga gitaa wake hujaza kila upenyo na mpiga besi wake huona aibu kunyamaza. Bendi iliyojifunza nidhamu inaweza kupiga hata na vyombo vya bei nafuu, ikaimba shida za leo, na muziki ukasimama.

Afrika imekwisha kutoa mfano wa bendi ya namna hiyo ya pili. Lucky Dube wa Afrika Kusini alianza kama mwimbaji wa mbaqanga, muziki wa dansi wa Wazulu wa mijini, kabla ya kugeukia rege katikati ya miaka ya 1980, na alipogeuka hakuiacha hazina yake mlangoni. Waitikiaji wake wanawake waliitikia kwa mpangilio wa mbaqanga juu ya besi ya Kijamaika, na kwa hiyo kanda zake zilipofika Uganda, Kenya, Tanzania na Kongo zilipokewa kama muziki wa nyumbani. Aliuawa na majambazi mjini Johannesburg tarehe 18 Oktoba 2007, na hadi leo ziko sehemu za Afrika Mashariki ambako neno rege humaanisha yeye kwanza na Bob Marley baadaye. Justin Kalikawe wa Bukoba, kando ya Ziwa Viktoria, aliiimba rege kwa Kiswahili hadi alipofariki mwaka 2003, na Maddox Ssematimba aliiimba kwa Kiganda kwa utulivu ambao wengi waliomwiga hawakuupata.

Kasese nayo ina mazingira yake. Reli iliyofika mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe ilileta wafanyakazi wa makabila mengi pamoja na Kiswahili chao, kiwanda cha saruji cha Hima kikaongeza wengine, na mpaka wa Mpondwe, hatua chache kutoka Bwera, umekuwa mlango wa rumba ya Kongo kwa muda mrefu. Kijana wa hapa anayeanzisha bendi ya rege hukuta soko lililozoea mwimbaji mmoja anayeshika maikrofoni huku wimbo ukitoka kwenye kompyuta, kwa sababu mwandaaji wa tamasha hulipa mtu mmoja na usafiri wa boda boda badala ya watu wanane na gari la vyombo. Sababu hiyo ni ya hesabu na haifai kudharauliwa. Ndiyo hiyohiyo iliyochangia kuzisukuma pembeni bendi za Jamaika.

Lakini nidhamu iliyoelezwa hapo juu haihitaji kuagizwa kutoka Kingston. Wakonzo wa milima ya Rwenzori wana filimbi ziitwazo eluma, ambazo kila moja huzibwa upande mmoja na hutoa noti moja peke yake, kiasi kwamba wimbo hauwezi kuwapo mpaka kundi zima lipulize kwa zamu, kila mtu akiidondosha noti yake mahali pake na kunyamaza mahali pa wenziwe. Wanayo pia endara, marimba makubwa ambayo mbao zake hulazwa juu ya vigogo vya migomba, na wapigaji kadhaa huketi pamoja kwenye chombo kimoja, mikono ikipishana bila kugongana. Mtoto aliyekulia katika muziki wa namna hiyo anapoambiwa kwamba gitaa la ska hukata katika upenyo ulioachwa na besi, haambiwi jambo geni. Hakuna haja ya kudai undugu wa damu kati ya eluma na ska. Inatosha kuona kwamba zote mbili huudai uwezo uleule wa kungoja, na kwamba mwalimu wa uwezo huo anaweza kupatikana kijijini kwa gharama ndogo kuliko ya studio.

Uganda imekwisha kujaribu njia hiyo mahali pengine. Bigwala, matarumbeta ya vibuyu ya Wasoga, ambayo nayo hutoa noti moja kila moja na hupigwa na watu watano au zaidi, yalikuwa muziki wa sherehe za kifalme, na tawala za jadi zilipofutwa mwaka 1967 yalipoteza kazi yake, hata ilipofika mwaka 2012 UNESCO iliyaandika katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka, wazee wanaoyajua wakiwa wamebaki wachache mno. James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo aliongoza kazi ya kuwakutanisha wazee hao na vijana, na pamoja na kupuliza ilibidi vijana wafundishwe kupanda upya aina ya kibuyu inayofaa, kwani mbegu zake nazo zilikuwa zimeadimika. Rege yenyewe iliingizwa katika orodha nyingine ya UNESCO mwaka 2018, na rumba ya Kongo mwaka 2021. Orodha hizo ni heshima, lakini hakuna orodha inayomfundisha mtu kupuliza.

Linabaki suala la majina. Katika santuri nyingi za ska ya awali karatasi ya katikati ilitaja mwimbaji na mwenye studio, huku mpiga besi, mpiga ngoma na wapulizaji wakiachwa bila kutajwa, na baadaye watafiti walilazimika kuwazungukia wazee na santuri mkononi wakiuliza nani alipiga nini, na mara nyingine wazee wenyewe walibishana. Bila majina hayo hakuna aliyeweza kudai malipo pale nyimbo zilipoanza kuuzwa upya duniani kote, na kijana aliyetaka kujifunza hakujua amtafute nani. Huku Rwenzori, nyimbo za upinzani za vuguvugu la Rwenzururu za miaka ya 1960 zinajulikana kwa wasomi leo kwa kuwa Martin Doornbos na Peter Cooke walizirekodi, wakazichambua na kuzichapishia makala mwaka 1982. Zisizorekodiwa zimo vichwani mwa wazee tu.

Kwa hiyo ombi kwa wasikilizaji wa Hima, Kilembe, Kasese na Bwera ni la vitendo. Mwenye kanda za zamani za bendi za harusi, za kwaya, za eluma au za vijana wa rege waliopiga wakati redio kaseti ilipokuwa bado na kazi, asizitupe wala asirekodi mengine juu yake. Azinakili kwenye simu au kompyuta wakati mashine ya kuzipiga bado inapatikana, kisha aketi na wazee wanaozitambua sauti hizo, na aandike jina la kila mpigaji, chombo chake, mahali na mwaka. Na bendi changa inayoandaa rekodi yake ya kwanza iandike majina ya wapigaji wake wote, hata wa kayamba.